Saa Iliyosimama Shimoni

Ana uso lakini hanawi. Ana mikono lakini hapokei zawadi. Hupiga mchana na usiku, wala hajawahi kupelekwa mahakamani. Watoto wote waliowahi kukanyaga jiko la shamba la Bryn Eithin walitegewa kitendawili hicho na Gwenllian Prydderch, na wote walijibu upesi, maana jibu lenyewe lilikuwa limesimama nyuma yake, kati ya kabati la sahani na mlango wa chumba cha maziwa, likisema tak, tak, tak, kama mzee anayetafuna bila haraka.

Hapo ndipo Gwenllian huwatega cha pili. "Kitu gani hicho, kadiri unavyokipunguza, kinaongezeka?"

Watoto hutumbua macho. Naye hushusha kidole polepole mpaka chini kabisa ya ile saa, mahali ambapo sanduku lake la mti wa mwaloni liliingia ardhini kama jino kwenye ufizi. "Shimo, wanangu. Shimo! Lipunguzie udongo uone kama halikui."

Saa ilisimama shimoni kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko nyumba. Edmwnd Parry, fundi saa wa Llanfadog, aliileta kule mlimani kwa farasi, mitambo katika mfuko wa kulia na vizito vya risasi katika mfuko wa kushoto, na seremala wa kijiji akaiundia sanduku. Walipomaliza kuiunga, ikawa futi saba na inchi kumi. Dari la jiko lilikuwa futi saba na inchi tatu. Nyumba nyingine za mlima ule, zilipofikwa na balaa kama hilo, zilishika msumeno. Waliikata saa kichwa au miguu, wakaendelea kunywa chai yao. Mzee wa Bryn Eithin wa wakati huo alishika sululu. Aling'oa jiwe la sakafu, akachimba shubiri moja, akaishusha saa humo nzima nzima, na kwa usalama akaikaza ukutani kwa misumari miwili mirefu. "Mgeni hakatwi miguu ili aenee kitandani," alisema. Neno hilo likawa sheria ya ukoo.

Sasa ilikuwa imepita miaka mia moja na thelathini, na Gwenllian, mjane wa miaka sabini na sita, alikuwa ahamie bondeni.

*

"Mama, nimepima mara tatu," alisema Idwal, mwanawe, akiwa amesimama jikoni na tepu mkononi na kofia ya kazi kichwani. "Dari la nyumba mpya halijakua. Futi saba na nusu."

"Ulipima ukiwa umevua viatu?"

"Viatu vinahusiana nini na dari?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyesoma."

Nesta, mke wa Idwal, aliinamia kikapu cha vyombo alivyokuwa akivifunga kwa magazeti, ili mama mkwe asimwone anavyocheka. Walikuwa wakihamisha nyumba kidogo kidogo. Baraza la wilaya lilikuwa limejenga nyumba sita za wazee karibu na kanisa, zenye umeme, maji ya bomba na sakafu ya saruji, na Gwenllian alipewa ya nne. Hakubishana. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu nje ya zizi akalala pale hadi mpeleka barua alipopita. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kumshawishi. Kila kitu kilikubaliwa: kabati litashuka, kitanda kitashuka, paka atashuka akitaka. Ila saa ilikuwa imezidi kwa inchi nne.

"Na sakafu yao haichimbiki?" aliuliza Gwenllian.

"Saruji, Mama. Na nyumba ni ya baraza, si yetu. Ukitaka kupigilia msumari wa picha unaandika barua." Idwal alikuna kisogo. "Mwite Robat Jeneza na msumeno wake, akate inchi nne tu chini. Nani atajua? Miguu yenyewe hujawahi kuiona hata siku moja."

"Siioni, lakini najua ipo."

"Kwetu waliikata kichwa, Mama," Nesta alitia neno kwa upole, "na haijawahi kulalamika."

"Kwenu pia mnatia chai maziwa ya kopo, mwanangu, na sijawahi kusema kitu."

Wakacheka wote watatu, lakini kicheko hakikufika mbali. Gwenllian alipangusa mikono kwa aproni. Alikuja katika nyumba hii akiwa bibi harusi wa miaka ishirini, na jambo la kwanza mama mkwe wake alilomwonyesha si kisima wala stoo ya viazi. Alimwonyesha ufunguo wa saa. Akamwambia maneno ambayo kila bibi harusi wa nyumba ile aliambiwa, maneno ya Edmwnd Parry mwenyewe: "Saa hii ni ya siku nane. Siku saba ni zako. Ya nane ni ya msamaha."

Kwa hiyo ilitiwa ufunguo kila Jumamosi. Mume wake alipokuwa hai hakukosa. Alipofariki, Idwal aliahidi kupanda kila Jumamosi badala yake. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa watu, na Jumamosi zina mambo mengi. Mara nyingi alipiga hesabu ya siku ya nane, akaja Jumapili baada ya kanisa. Mara nyingine hata Jumapili haikumwona. Siku hizo Gwenllian alizungusha ufunguo mwenyewe, akaurudisha mahali pake, na mwanawe alipokuja Jumanne hakumwambia.

"Basi iuzwe," alisema sasa.

Idwal alimkazia macho. "Umesema?"

"Nimesema iuzwe. Heri iende kwa watu ikiwa nzima kuliko ikae nami ikiwa kilema. Wazee waliopita hapa walichimba mwamba. Mimi nitakuwa ndiye niliyeleta msumeno?"

"Nitakununulia jiko la umeme kwa pesa hizo, Mama. Zuri, jeupe."

"Ahsante, mwanangu," alisema Gwenllian. Akaigeukia saa. "Sijui tu nitapika nini, kama sitajua ni saa ngapi."

*

Mnunuzi wa vitu vya kale aliitwa Bwana Haskell, akaja kutoka mji wa Chester na gari lenye zulia ndani. Alikuwa mtu safi, mwenye glavu za ngozi, na alizungumza Kiingereza tu, bila neno hata moja la lugha ya mlimani. Kiingereza cha Gwenllian kilikuwa cha kuuzia mayai: alijua hesabu hadi dazeni tatu, alijua "mabichi" na "asante", na alijua maneno machache aliyoyapata kwa watalii wanaopotea. Idwal akawa mkalimani.

Gwenllian alikuwa amemwandalia mgeni mkate wa zabibu na siagi. Bwana Haskell hakuugusa. Aligonga ubavu wa saa kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayegonga kifua cha mtu asiyemjua jina. Akasoma jina kwenye uso wake, chini ya kile kidege chenye kifua chekundu ambacho Edmwnd Parry alikipaka kwenye kila saa yake, akasema maneno mengi.

"Anasemaje?" aliuliza Gwenllian.

"Anasema jina zuri," alijibu Idwal.

Alichosema mgeni ni kwamba mafundi wadogo wa vijijini kama hawa walikuwa wengi kama nzi, na hakuna mtu mjini anayewajua.

"Kasema maneno ishirini, wewe umenipa mawili. Mengine umemeza?"

"Kiingereza kina maneno mengi ya bure, Mama."

Bwana Haskell akafungua mlango wa sanduku. Ndani, kwenye ubao wa mlango, kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi kutoka juu hadi chini, mikono ya watu watano au sita waliokwisha kufa. Theluji hadi dirishani. Ng'ombe mweusi kapandwa. Saa imesafishwa na fundi. Katikati, kwa mwandiko wa marehemu mume wa Gwenllian: *Kazaliwa Idwal, Jumanne, mvua kubwa, wote wazima.* Mgeni alipitisha kidole cha glavu juu ya maandishi, akatikisa kichwa, akasema hayo yangetoka kwa sabuni na maji ya moto.

Safari hii Idwal hakutafsiri kabisa. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Pauni thelathini na tano," alisema mwishowe. "Anasema ni kwa sababu ni nzima, haijakatwa. Zilizokatwa hata hazitazami. Atarudi Ijumaa na gari kubwa."

"Mwambie basi ale mkate," alisema Gwenllian. "Nao pia haujakatwa."

*

Ijumaa ilikuwa ya ukungu. Bwana Haskell alikuja na dereva wake, na Idwal alimleta Robat Jeneza. Robat aliunda madirisha, milango, meza na ngazi, lakini kijiji humwita mtu kwa kazi ambayo kila mtu ataihitaji. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kutoka utosini hadi vidoleni.

"Unanipima, Robat?" aliuliza Gwenllian.

"Mazoea tu, Bi Prydderch. Umepungua nusu inchi tangu Pasaka."

"Subiri kidogo. Leo hamisha huyu, mimi zamu yangu haijafika."

Walivua kwanza kichwa cha sanduku. Robat akasimamisha kile kisahani cha shaba kinachobembea, na tak, tak ikakatika. Jiko zima likawa geni. Hata paka alinyanyua kichwa. Nesta alimsogelea mama mkwe wake akamshika mkono, na Gwenllian akauacha mkono ushikwe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Walitoa vizito, wakatoa mitambo na uso wake, wakavilaza mezani juu ya blanketi. Likabaki sanduku. Robat aliingiza koleo nyuma, akang'oa msumari wa kwanza, ukalia kama nguruwe. Alipong'oa wa pili, jambo la ajabu likatokea. Sanduku la saa, ambalo lilikuwa limesimama wima kwa miaka mia moja na thelathini, likashuka ghafla. Lilizama shimoni kwa upana wa kiganja na kukaa upande, kama mlevi aliyeondolewa ukuta.

"Lishike!" alipiga kelele Idwal.

Wanaume wanne wakalikumbatia, wakalinyanyua kutoka shimoni. Chini yake hapakutoka miguu. Ulitoka unga wa mti, mweusi, uliolowa, ukaanguka sakafuni mabonge mabonge kama keki iliyochovywa kwenye chai ikasahauliwa. Kipande kimoja cha msingi kilining'inia kidogo, kikaanguka nacho. Mle shimoni mlikuwa na maji ya kijani, na konokono mmoja aliyejikunja kwa aibu.

Robat alipiga magoti, akagusa mti kwa kidole gumba mpaka alipofika penye ugumu.

"Umande wa ardhi," alisema. "Umeila taratibu. Hii saa haikuwa imesimama, Bi Prydderch. Imekuwa ikining'inia kwenye misumari, labda tangu kabla hujaolewa."

Bwana Haskell naye alichungulia, akanyoosha mgongo, akaanza kuvaa glavu. Alisema maneno machache, ya baridi. Masikio ya Idwal yakawa mekundu.

"Anasemaje?"

"Anasema... ina umri mkubwa, Mama."

"Idwal. Mtalii mmoja aliwahi kuniomba kuni za kuchoma soseji. Neno la kuni nalijua."

Idwal akainamisha kichwa. "Anasema lililobaki ni kuni. Uso na mitambo atachukua kwa pauni nne, kwa kutuhurumia. Na anataka alipwe petroli ya safari mbili."

Gwenllian alisimama wima. Hakuwa mtu mrefu, lakini alikuwa amekanda mkate na kukamua ng'ombe kwa miaka hamsini na sita, na aliposimama wima watu waliona. Alikwenda mezani, akakifunika kile kidege cha Edmwnd Parry kwa ncha ya blanketi, kama anavyofunikwa mtoto mgeni mbaya akiingia. Kisha akakata kipande kinene cha mkate wa zabibu, akakifunga kwenye karatasi, akamtia yule Bwana mkononi juu ya glavu yake.

"Mwambie petroli yake hiyo hapo," alisema.

Idwal akatafsiri, na safari hii hakumeza hata neno moja.

*

Gari lilipotelea kwenye ukungu. Idwal alikaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwa watu.

"Miaka yote hii," alisema. "Kila mwaka tunawacheka waliokata zao. Sisi ndio wa Bryn Eithin, sisi yetu ni nzima! Na chini yetu hamna kitu. Kesho kijiji kizima kitakuwa kinajua."

"Mimi sisemi," alisema Robat.

"Wewe husemi, lakini yule dereva wake ameshaahidiwa kinywaji hotelini."

Nyuma yao sauti ikaanza, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Nesta aligeuka kwa hofu. Gwenllian alikuwa ameketi kitini, aproni usoni, mabega yakitikisika.

"Mama! Usilie, Mama."

Gwenllian alishusha aproni. Hakuwa akilia. Machozi yalikuwepo, ndiyo, lakini yalikuwa ya kicheko. "Miaka hamsini na sita," alisema akihema. "Nimefagia pale kila siku kwa uangalifu... nisiikwaruze miguu!"

Robat Jeneza naye akacheka, jambo lililoonekana mara mbili tu katika kijiji kile. Akapangusa macho, na kwa mazoea yake tu, akatoa tepu mfukoni akapima sanduku lililolala, kutoka ncha ya juu hadi pale penye mti mgumu. Akapima tena.

"Nesta," alisema polepole, "dari la nyumba ile ni futi ngapi?"

"Saba na nusu."

"Hili na kichwa chake, nikilisafisha uozo, ni futi saba na inchi tano. Nikilipa soli nyembamba ya mti mpya, kidole kinapita juu yake. Kimoja."

Walitazamana. Idwal alinyanyuka kwenye ngazi.

"Lakini sheria ya nyumba," alisema. "Haikatwi."

"Nani ameikata?" aliuliza Gwenllian. "Mimi nilishika msumeno? Wewe ulishika? Babu yenu alikataa kuikata, akaiweka shimoni, shimo likaikata lenyewe bila kuulizwa. Mgeni kajipunguza mwenyewe akaenea kitandani. Robat, unataka chai kabla au baada?"

"Kabla," alisema Robat. "Na baada."

*

Ilishushwa bondeni kwa lori la maziwa, imelala kati ya makopo, imefunikwa magodoro. Robat aliipa soli ya mwaloni, akaisimamisha kati ya kabati la sahani na mlango, vile vile kama zamani. Baraza liliandikiwa barua kuhusu misumari miwili, na kabla jibu halijaja misumari ilikuwa ukutani. Majirani wa nyumba za wazee walipita mmoja mmoja kuitazama. Waliokuja kucheka walikunywa chai, wakasikiliza kisa chote kutoka kwa Gwenllian mwenyewe, konokono na yote, wakaondoka wakicheka kwa namna nyingine.

Jumamosi ya kwanza Idwal aliitia ufunguo. Jumamosi ya pili palikuwa na mechi. "Siku ya nane ipo," alimwambia mkewe, akaja Jumapili baada ya kanisa. Akaikuta saa imekufa. Mikono ilikuwa imesimama tangu alfajiri, na mama yake ameketi mbele yake, mikono mapajani.

Robat aliitwa, akafungua mlango wa sanduku, akaonyesha. "Vizito vimefika chini. Zamani vilikuwa vinashuka hadi shimoni. Sasa soli inavizuia. Hii si ya siku nane tena, Idwal. Siku saba na masaa machache."

"Kwa hiyo siku ya msamaha haipo?" aliuliza Idwal.

"Ililiwa na umande," alisema Robat.

Idwal alimtazama mama yake. "Huwezi kuizungusha mwenyewe, Mama? Siku ukiona nimechelewa..."

"Zamani, mwanangu," alisema Gwenllian, akajishika bega la kulia. "Sasa bega hili. Tangu ile barafu. Siwezi kabisa."

Tangu hapo Idwal hakukosa. Mechi ikiwepo au isiwepo, mvua, theluji, siku ya mnada wa kondoo, Jumamosi saa kumi lori lilisimama mbele ya nyumba ya nne. Alizungusha ufunguo mizunguko kumi na minne kwa kila kizito, akihesabu kwa sauti kama baba yake. Kisha alikaa, kwa sababu chai ilikuwa tayari imemiminwa na mtu hawezi kuiacha ipoe. Alikaa saa nzima, mara nyingine mbili. Jiko la umeme halikununuliwa, ila Gwenllian alisema la makaa linaoka vizuri zaidi.

Jumamosi moja Nesta alitangulia kwa miguu. Alipita mlango wa nyuma bila kubisha, akamkuta mama mkwe wake amenyanyua ndoo ya chuma iliyojaa makaa kwa mkono wa kulia, juu, mpaka usawa wa kidevu, akiimimina jikoni kama mtu anayemimina maziwa kikombeni.

Nesta aliitazama ndoo. Akalitazama bega. Gwenllian akaiweka ndoo chini taratibu, akapangusa mikono kwa aproni, ambayo mfuko wake ulikuwa na ufunguo wa saa.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, Mama."

"Kitu gani hicho, kadiri unavyokipunguza, kinaongezeka?"

"Shimo, Mama. Ulinitega hicho siku ya harusi yangu."

"Shimo ni jibu la watoto," alisema Gwenllian. "Mimi nimepunguziwa siku moja tu." Alikwenda dirishani, akasogeza pazia kidogo. Nyuma yake saa ilikaribia kupiga, na nje, kwenye kona ya kanisa, lori la maziwa lilikuwa linapunguza mwendo.

"Nesta," alisema, akijishika bega, "mletee vikombe. Na hicho ulichokiona, kimeze kwa Kiingereza."